Vua Miwani Kwanza

Jumapili, 3 Novemba 1974

Mawingu yamekuja tena mpaka juu ya stesheni, yamejionyesha, yakaenda zao. Vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Wazee wanasema mvua itachelewa. Wazee hao hao mwaka jana walisema itawahi, kwa hiyo mimi sisemi kitu.

Leo nimepata nilichokuwa nikikiomba tangu nirudi masomoni. Mwalimu Mkuu, Bwana Lugembe, amenipa stoo iliyo nyuma ya maabara ya fizikia, ile iliyojaa madawati mabovu. Amesema nisiunguze shule. Nimemwahidi. Kule Ulaya nilikosoma miaka saba tulikuwa na ukumbi mzima kwa ajili ya leza moja, yaani mashine ya mwanga uliokusanywa ukawa mwembamba na mkali mpaka unatoboa chuma. Mimi hapa nina stoo, fimbo ya yakuti ya kuzalishia mwanga huo, yenye ufa, ambayo wenyewe waliitupa, kapasita za kuhifadhi umeme nilizozileta sandukuni badala ya suti, na kiburi. Kiburi ninacho cha kutosha.

Profesa wangu wa kule ameniandikia kwamba nikimpelekea picha nzuri ya kitonge kilichopigwa na mwanga pande mbili kwa wakati mmoja, atanitafutia nafasi kwenye kikosi chake. Nataka kurudi. Nimeandika na sifuti. Nimechoka kuchora betri ubaoni.

Jioni nilimweleza baba. Mzee Hilali alikuwa barazani anakagua nta ya nyuki, biashara aliyoirithi kwa baba yake aliyeipakia kwenye misafara ya njia ya Ujiji, na ambayo sasa lazima aiuze kwa chama cha ushirika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kumbe serikali ilinisomesha miaka saba nikajifunze tochi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimempata fundi. Anaitwa Nassibu Shomari, fundi saa wa karibu na soko, Mmanyema wa hapa hapa mjini. Saa za watu wa reli karibu zote hupita mkononi mwake. Makondakta wa treni ya Mwanza humwachia wakienda, huzichukua wakirudi. Jicho lake la kushoto lina ukungu tangu surua ya utotoni, kwa hiyo kazi yote anaifanya kwa jicho la kulia, lile analolibandika lenzi. Nilimweleza ninachotaka: kitonge cha nta kidogo kuliko punje ya ulezi, kikae hewani kwenye waya usioonekana. Alicheka, akasema hiyo kazi ya majini. Kisha akauliza anaanza lini.

Ananiamkia. Amenizidi umri, ana watoto wakubwa, lakini ananipa shikamoo kwa kuwa mimi ni mwalimu, nami naitikia marahaba bila kusita. Imenikera kidogo. Si sana.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuna mvua. Mchana hakukuwa na umeme pia.

Jumapili, 17 Novemba

Aibu ndogo nyumbani. Nassibu alikuja kuchukua nta kwa ajili ya vitonge vyetu. Nilikuwa nimempa miwani ya kijani ya kazini, ile inayozuia mwanga mwekundu wa yakuti, aijaribu kama inamkaa, na yeye akaivaa njia nzima kama mtoto aliyepata viatu vya Idi. Akampitia baba barazani, akasema shikamoo mzee, miwani usoni. Baba akaendelea kuhesabu tasbihi kana kwamba aliyepita ni kuku.

Nilimfuata barabarani na hasira zangu. Nilimwambia, "Ndugu Nassibu, kwa baba yangu vua miwani kwanza, ndipo useme shikamoo. Hapa si sinema."

Aliivua palepale, akaifuta kwa pindo la shati, akaomba radhi. Mimi wakati huo nimevaa yangu ya kuonea, nzito kama vitako vya chupa, ambayo hakuna aliyewahi kuniambia niivue. Nilirudi ndani nikanywa kahawa. Baba akasema nimefanya vizuri, na nikafurahi. Mtu mzima na familia yake, bado nafurahi baba akinisifu.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua! Ilianza wakati wa adhana ya alasiri. Darasa zima limenikimbia kwenda kuiangalia.

Jumapili, 1 Desemba

Inanyesha kila siku. Barabara ya Ulyankulu inasemekana imekatika, na malori yanayohamishia watu kwenye vijiji vipya yamekwama na watu wake na kuku wao. Wanafunzi wetu wa kidato cha tatu walipelekwa kujenga nyumba huko, wamerudi na malaria.

Nassibu anajifunza haraka. Nimemweleza jua linavyowaka: haidrojeni inabanwa mpaka viini vyake vinaungana, na vikiungana vinatoa moto. Kule Ulaya wanataka kufanya hivyo kwa kitonge cha haidrojeni iliyogandishwa, wakibane kwa mwanga kutoka kila upande kwa mpigo mmoja. Upande mmoja ukiwahi, kitonge kinachomokea upande wa pili. Akasema ni kama kukamua jipu kwa kidole kimoja. Nikamwambia ndiyo, ila jipu hilo siku likikamuliwa sawasawa litawasha taa za dunia nzima. Sisi hapa hatutawasha hata kibatari. Tunaugawa mwanga mmoja kwa vioo uwe miale miwili, tunaipiga nta kushoto na kulia, kwa sababu nta nayo imejaa haidrojeni, halafu tunatazama kwenye picha kama mvuke wake umetoka sawa pande zote. Wa kule Ulaya wakijua namna ya kusawazisha miale miwili, watajua kwa mia.

Tumeweka kanuni, nayo imetokana na chai. Juzi Imakulata, mhudumu wa maabara, alibisha hodi na chai yetu wakati kapasita zimejaa. Nikapiga kelele "Subiri!", nikaumwaga umeme wote ardhini kwa mti wenye ndoano ya chuma tuliouweka kwa kazi hiyo, ndipo nikasema karibu. Nassibu akacheka kwamba nimemweka mama wa watu mlangoni kama mdai. Nikamwambia ndivyo itakavyokuwa siku zote: neno karibu halitoki mdomoni mwangu mpaka umeme umekwisha kumwagwa. Akisikia karibu, ajue ni salama, avue miwani, anywe chai yake.

Jumapili, 8 Desemba

Leza imewaka. Mlio kama wa fimbo inayokatika, na wembe niliouweka mbele umetoboka tundu safi kabisa. Nassibu aliushika wembe ule akautazama kwa lenzi yake muda mrefu, akauomba akamwonyeshe mkewe, Maua. Nikampa.

Nilipomwonyesha baba tundu kama hilo, aliuliza kama msumari usingefanya kazi hiyo hiyo. Nikamwambia siku moja aje aone mwenyewe. Akasema inshallah, kwa ile sauti ambayo maana yake ni hapana.

Jumanne, 24 Desemba

Idi. Tumechinja. Maua alileta sahani ya vitumbua, baba akampa mguu wa mbuzi. Nassibu alipomwamkia baba alivua hata kofia. Baba aliitikia marahaba mara mbili.

Jumamosi, 4 Januari 1975

Vitonge ishirini vimekwenda bure. Kila mara mwale wa kushoto unawahi. Nimemkaripia Nassibu kwa kosa ambalo lilikuwa langu, la kioo. Alinyoosha kishikio cha shaba kinachoshika waya wa kitonge, akakisugua mpaka kikang'aa, akaanza kitonge kingine.

Jumapili, 12 Januari

Mvua. Sabuni imeadimika mjini. Tumekaribia sana.

Jumamosi, 18 Januari

Niandike kwa utaratibu.

Leo asubuhi kulikuwa na umeme wa kutosha. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa shuka jeusi, kamera iko tayari. Meza ya vioo iko katikati ya stoo, mlango uko ng'ambo yake, Nassibu amesimama upande huu, mimi pembeni kwenye swichi. Meza tumeiweka chini, usawa wa kiuno, ili mwanga usipite usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Sote tumevaa miwani ya kijani, mimi juu ya miwani yangu. Kapasita zimejaa, zinaimba ule wimbo wao mwembamba. Baba akabisha hodi, akaingia. Mwenyewe, kwa miguu yake, na mwavuli, amekuja kuona tochi yangu. Nassibu akavua miwani, akainama kumwamkia mzee aliye ng'ambo ya meza, "Shika..." na leza ikapiga.

Aliinama. Kichwa chake kilishuka mpaka usawa wa kitonge. Mwanga ulirudi kutoka kwenye kile kishikio cha shaba alichokisugua kwa mikono yake.

Hakulia. Alisema tu, "Kuna kitu chekundu." Kisha akasema ni cheusi. Alikuwa anajipangusa jicho la kulia kama mtu aliyeingiwa na vumbi, anajipangusa, anajipangusa, na huku anamwomba baba radhi kwa kutomaliza salamu. Baba alimshika mkono. Tulimpeleka hospitali ya Kitete kwa gari la padri mmoja aliyetupita njiani. Daktari alimwangalia ndani ya jicho kwa taa yake, akasema pameungua mahali padogo tu, lakini ndipo hasa mtu anapoonea kitu kilicho mbele yake. Aliniuliza ilikuwaje. Nikasema fundi alivua miwani.

Nassibu akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Kweli, daktari. Nilivua mwenyewe."

Jumapili, 19 Januari

Nimemwamkia baba asubuhi, hakuitika. Labda hakunisikia, mvua ilikuwa inapiga bati.

Jumanne, 21 Januari

Nimesafisha filamu. Astaghfirullah. Ni picha bora kuliko zote. Kitonge katikati, na mvuke umechanua kushoto na kulia sawasawa kabisa, hakuna upande uliowahi. Pembeni kuna mstari wa mwanga, mahali mlango ulipofunguka, na ndani ya mstari huo kuna kivuli cha kichwa kilichoinama.

Niliitazama mpaka macho yakauma. Kisha nikachukua mkasi nikakata pembeni.

Alhamisi, 23 Januari

Picha imekwenda posta. Nilijiambia kwamba jicho la mtu lisiende bure. Ni maneno mazuri, na niliyaamini mpaka nilipofika kwenye ngazi za posta.

Jumamosi, 1 Februari

Nimekwenda kumwona Nassibu kwenye meza yake ya sokoni. Alikuwa anajaribu. Amebandika lenzi jicho la kulia, anakizungusha kichwa kama kuku anayetafuta punje, maana kila akitazama kitu, doa jeusi linakaa juu yake. Akitazama gurudumu la saa, gurudumu halipo. Akitazama pembeni ya gurudumu, analiona kidogo, akilifuata linapotea. Akahamishia lenzi jicho la kushoto, ukungu mtupu. Kondakta mmoja alikuwa amesimama akimngoja, akaichukua saa yake taratibu, akasema atarudi wiki ijayo. Hatarudi. Sote watatu tulijua.

Nassibu alinipa pole. Mimi! Alisema, "Najua unavyojisumbua, mwalimu, lakini kosa ni langu, ulishanieleza habari ya miwani." Nikamnunulia chai.

Jumatano, 5 Februari

Shikamoo kwa baba. Kimya.

Jumatatu, 10 Februari

Kamati ya shule imekaa ofisini kwa Bwana Lugembe. Swali lilikuwa moja: Nassibu alikuwa kibarua wa shule, ameumia kazini, je alipwe fidia au asilipwe. Bwana Lugembe si mtu mbaya. Aliuliza polepole, kwa heshima, kama kuna mtu aliyemwamuru fundi kuvua miwani, au kama kulikuwa na ishara yoyote ya kwamba kazi imesimama. Nassibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini. Alinigeuzia uso, nikadhani hanioni. Kisha akasema aliivua mwenyewe, kwa adabu tu, mzee alikuwa ameingia.

Wakaniuliza mimi kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Wameamua kwamba ni uzembe wake, hana haki ya fidia, ila shule inampa pole.

Ijumaa, 14 Februari

Mvua tatu kwa siku moja. Thuraya, mke wangu, ameuliza kwa nini silali. Nimemwambia mbu.

Jumatano, 19 Februari

Baba anamwitikia Thuraya. Anawaitikia watoto. Anamwitikia hata muuza maji. Mimi nikisema shikamoo anageuza tasbihi.

Jumamosi, 22 Februari

Maua amekuja nyumbani kurudisha ule wembe wenye tundu. Amesema Nassibu hawezi tena kuliona lile tundu, basi wakae nao wa nini. Hakusema kwa ubaya. Amesema pia wanauza vifaa vyake, na mvua ikipungua watahamia kwa kaka yake, kwenye kijiji kipya njia ya Ulyankulu, wakalime tumbaku. Mjumbe wa mtaa ameshapita mara mbili kuuliza wasio na kazi mjini wanangoja nini. Mtu wa soko, aliyezaliwa mjini, hajui hata kushika jembe. Nilitaka kumwambia Maua. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikamwuliza watoto hawajambo.

Jumapili, 2 Machi

Lazima niandike hili lote, vinginevyo daftari hili nalo ni shahidi wa uongo kama mimi.

Baada ya alasiri nilimkuta baba barazani peke yake. Nikamwamkia. Kimya. Yakanishinda. Nikamwuliza nimemkosea nini, kama ni kwa sababu ya Nassibu basi yeye mwenyewe aliona, ilikuwa ajali, tena lau yeye asingeingia ghafla vile, pengine...

Aliinua mkono, nikanyamaza.

"Nilibisha hodi," akasema. "Nani aliniitikia?"

Niliokota kipande cha nta kilichoanguka.

"Mimi siingii penye mlango uliofungwa mpaka mwenye mahali aseme karibu. Hivyo nililelewa na baba yangu, nami nikakulea wewe hivyo. Nilibisha, nikaambiwa karibu, nikaingia. Sauti ilikuwa yako, Nabhan. Nikakusikia pale hospitali ukimwambia daktari fundi alivua miwani. Nikangoja umalizie. Mpaka leo nangoja."

Akarudia tasbihi yake.

Basi ndiyo hivyo. Nilisema karibu. Nilipoandika tarehe 18 Januari kwamba baba alibisha akaingia, nililiruka neno hilo makusudi, hata hapa ambapo hakuna anayesoma. Imakulata nilimwambia asubiri, nikaumwaga umeme, ndipo nikamkaribisha. Baba sikuweza. Nani anamsimamisha baba yake mlangoni kwenye mvua amwambie subiri kama mdai? Ulimi ulisema karibu wenyewe, kabla yangu. Hapo ningeweza kuumwaga umeme. Ule mti wa ndoano ulikuwa karibu na mkono wangu kuliko swichi. Lakini mzee amekuja, kwa mara ya kwanza amekuja, na kapasita zimejaa, na nikaona akisimama pale dakika mbili akingoja zijae upya ataondoka na kejeli zake. Nilitaka aone. Nikasikia Nassibu anaanza kusema shikamoo. Nilijua anavua miwani, maana nani alimfundisha avue? Nilijua, na kidole kikabonyeza. Siwezi kusema sikujua. Muda wa kujua ulikuwepo, mdogo, lakini ulinitosha.

Na baba mwenyewe alikuwa amesimama pale bila miwani yoyote. Hilo ndilo lililonitoa jasho leo. Mwanga ungeweza kumpata yeye.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda mara mbili mpaka mlangoni kwa Bwana Lugembe. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili alikuwa peke yake.

Jumatatu, 17 Machi

Barua ya profesa imefika. Picha imewashangaza. Anauliza kweli nimetumia nini kama kitonge, haamini kwamba ni nta ya nyuki ya Tabora. Nafasi ipo, kuanzia Septemba, nyumba na kila kitu. Ameandika kwamba hajapata kuona ulinganifu mzuri namna hii kwa vifaa vya kuokoteza. Ameniomba nimpe salamu aliyenitengenezea kishikio.

Nilikaa nayo chooni kwa sababu ndipo pekee penye kitasa. Nililia humo.

Jumanne, 25 Machi

Maulidi. Mji mzima umevaa vizuri. Nilimwona Nassibu kwenye kundi la kaswida, kanzu nyeupe, uso ameuelekeza pembeni. Watu waliompita walidhani anawadharau, kumbe ndivyo anavyowatazama. Alipokuwa amenielekea mimi, sikujua kama ananiona. Nikajificha nyuma ya mtu mnene. Nimejificha! Mwalimu wa shule, na kanzu yangu ya hariri.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua zinapungua. Barabara ya Ulyankulu imefunguka, malori yameanza tena. Wanaondoka wiki ijayo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimesema.

Bwana Lugembe alikuwa anasahihisha ratiba. Niliomba aiite kamati, akasema nimwambie yeye kwanza. Nikamweleza kanuni yetu ya karibu, jinsi nilivyoiweka mwenyewe na jinsi nilivyoivunja mwenyewe. Nikamweleza ya kidole. Nikamweleza ya mkasi. Aliweka kalamu chini. Aliniuliza kama najua kwamba akilipeleka hili juu, hakuna atakayenisainia ruhusa ya kwenda Ulaya mwezi wa tisa wala mwezi wowote. Nikasema najua. Akanitazama kwa muda, nikaona kwamba kilichomuuma si sheria, ni kwamba aliniamini. Akasema ni afadhali ningeiunguza shule.

Kamati imekaa jioni hiyo hiyo. Stoo imefungwa, ufunguo anao yeye. Kesi yangu inakwenda wizarani. Nassibu atalipwa fidia kamili ya mtu aliyeumia kazini bila kosa lake, tena kazi ya kukaa kwenye swichi ya simu ya shule atapewa akiitaka, haihitaji macho makali. Nimemwandikia barua profesa kwamba siji, na kwamba picha ilikuwa na pembe niliyoikata. Sijui kama ataelewa.

Nyumbani sikumweleza baba. Mji huu hauhitaji kuelezwa, habari zilinitangulia. Asubuhi nitamwamkia kama kawaida, na akitaka aitike, asipotaka basi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimetoka kwa Nassibu sasa hivi.

Sijawahi kutembea kwa furaha ya kijinga namna ile. Niliwaza njia nzima nitakavyomwambia habari ya fidia na ya kazi ya simu, na yeye atakavyoshangaa kujua kwamba kosa halikuwa lake, mzigo utakavyomshuka. Nilikuwa nakwenda kumtua mzigo. Kiburi hakifi upesi.

Alikuwa amekaa nje kwenye kibaraza chake, anakunja mkeka. Maua alikuwa anachambua mchele. Vyombo vimefungwa kwenye magunia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, tangu hodi ya baba mpaka jana. Alinisikiliza ameelekeza uso kwenye ukuta wa jirani, ili aweze kuniona.

"Nilikusikia," akasema nilipomaliza. "Ulipomwambia mzee karibu, nikajua umeshaumwaga. Ndiyo maana nilivua."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema mbele ya kamati. Hakuinua sauti. Alisema angesema vipi, na mimi nimekaa palepale nimenyamaza? Fundi wa sokoni amwumbue mwalimu mbele ya wakubwa zake? Siku ile hospitali alidhani nimechanganyikiwa, nitasema kesho yake. Alipokwenda kwenye kamati alidhani nitasema huko, ndiyo maana alinigeuzia uso, anipe nafasi. Nilipokwenda sokoni nikamnunulia chai, alidhani nimekuja kusema. Kwenye Maulidi aliniona nikijificha nyuma ya mtu. Basi hapo akaacha kudhani.

Alisema fidia ataichukua, ni haki ya watoto. Kazi ya simu atafikiri. Kaka yake ameshamtengea shamba, na huko hakuna atakayemletea saa.

Nikasema neno ambalo sijamwambia tangu tujuane.

"Shikamoo, kaka Nassibu."

Maua aliacha mchele. Nassibu alimaliza kuufunga mkeka kwa kamba, akakaza fundo.

"Vua miwani kwanza," akasema.

Nikaivua. Bila miwani mimi sioni zaidi ya mkono wangu. Uso wake ukanipotea, nikabaki na kanzu nyeupe na giza la mlango nyuma yake. Nikainama kama alivyoinama yeye siku ile, mpaka chini, nikasema tena shikamoo. Nikangoja, na sikujua ananitazama au ametazama pembeni, wala kama kwake hiyo ni tofauti.

"Marahaba," akasema mwishowe.

Neno karibu hakuniambia.